Mchezo wa tatu

Mchezo wa kuigiza unakuwa hatari lini? Ukishaandikwa? Ukisomwa na watu kumi na wawili sebuleni? Au mpaka mtu alipe kiingilio na kukaa kwenye kiti cha plastiki? Nimekuwa nikijiuliza hivyo tangu masika iishe na baridi ianze kutushukia kutoka mlimani. Jibu zima sina, ila nina habari ya kusimulia.

Hapa Morogoro kuna kikundi kidogo cha maigizo. Jina lake sitalitaja, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini. Wako tisa. Wawili walimu wa shule, mmoja fundi simu, mmoja anauza mitumba, watatu ni wanafunzi wa chuo, mmoja hana kazi ya kueleweka (anasema yeye ni "mjasiriamali", sawa), na wa tisa ni mwalimu mstaafu ambaye wote tunamwita Mwalimu tu. Hawana mfadhili. Hawana ofisi. Wana spika moja ya kuazima na daftari la hesabu ambalo dada mmoja wa kikundi analilinda kama pasipoti.

Mwaka huu walikuja na wazo la kufanya msimu. Ulaya na Marekani vijumba vidogo vya maigizo huwa na msimu wa kiangazi, yaani Juni, Julai, Agosti, watu wako likizo, michezo mipya inapangwa mmoja baada ya mwingine. Sisi miezi hiyo tunavaa makoti. Lakini ukifikiria vizuri, hata huku huo ndio msimu wenyewe. Mavuno yakishaingia ndani, njia zikikauka, Uluguru inaanza kulia ngoma. Mwali anatolewa, harusi zinafungwa, watu wanapanda na kushuka. Babu zetu walikuwa na msimu wa sanaa kabla hatujajua kuna kitu kinaitwa tiketi.

Basi wakapanga michezo mitatu, yote mipya, yote ya kwao. Hilo peke yake ni ujasiri. Mji huu ukisema unaonyesha mchezo, swali la kwanza ni "Kinjeketile?" Namheshimu sana Ebrahim Hussein, na Kinjeketile ya mwaka 1969 bado inanisisimua, lakini jamani, tangu 1969! Na mkoa huu si maskini wa waandishi. Penina Muhando alizaliwa Berega, Kilosa, mwaka 1948. Ametuandikia Hatia, Heshima Yangu, Nguzo Mama, Lina Ubani. Ukimuuliza kijana wa Msamvu atakwambia ni majina ya vitabu vya mtihani. Tumewageuza waandishi wetu wa michezo kuwa maswali ya kidato cha nne.

Hesabu zao ziko hivi. Ukumbi shilingi 150,000 kwa usiku mmoja. Viti 100 vya kukodi kwa shilingi 500 kila kimoja, 50,000. Vyombo vya sauti na mafuta ya jenereta 40,000. Jumla 240,000. Kiingilio 3,000. Maana yake wauze tiketi 80 ndipo warudishe gharama, na hapo hakuna aliyelipwa hata nauli ya bodaboda. Nimewahi kuona usiku wenye watu 23, kati yao saba ni ndugu wa wachezaji walioingia bure.

Mchezo wa kwanza ni wa dereva wa bodaboda na mkopo. Wa pili ni wa dada wawili wanaoteremsha mboga mjini. Yote mizuri, yote inachekesha, na kibali sidhani kama kuna mtu atapoteza usingizi juu yake. Tatizo ni mchezo wa tatu.

Mchezo wa tatu ameuandika rafiki yangu. Haujapata jina, kwenye kikundi tunauita hivyo hivyo, "wa tatu". Kijana wa Mgeta, ana miaka 34, analima kabichi na karoti pamoja na rafiki yake aliyekuja kutoka Kilosa. Wanaishi nyumba moja. Miaka minane sasa. Hakuna anayeuliza kitu. Majirani wanaazima jembe, wanarudisha jembe. Kisha mama yake yule kijana anafariki, mjomba anaitisha kikao cha ukoo kuzungumzia shamba, na kwenye kikao hicho linatamkwa lile ambalo miaka minane halikutamkwa.

Rafiki yangu hajaandika neno "shoga" hata mara moja. Hajaandika neno "mapenzi". Kilichopo jukwaani ni birika moja na vikombe viwili, na kitanda ambacho mtazamaji hakioni. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani amekwepa. Mara ya pili nikagundua kuwa hivyo ndivyo watu wanavyoishi. Nani nyumbani kwenu anaamka asubuhi na kutangaza mapenzi yake?

Sasa niwape utamu wenyewe wa mchezo, maana hapa ndipo unapokuwa wa Uluguru na si wa mahali pengine popote. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Ardhi ya ukoo inapita upande wa kike. Warithi wa mwanaume, kwa mila, ni watoto wa dada yake. Hata Chifu Kingalu hurithiwa na mpwa. Kwa hiyo kule kwingine, ambako mwanaume asiyeoa "anakata jina la ukoo", baba ana hoja, hata kama ni hoja chungu. Huku mjomba ana hoja gani? Ukoo haujapoteza kitu. Dada zake yule kijana wana watoto sita kati yao, na hao ndio ukoo. Kwenye mchezo dada mkubwa anasimama na kuuliza hivyo hivyo, kwa adabu, shikamoo kwanza. Na mjomba ananyamaza. Maelekezo ya jukwaani yanasema anyamaze kwa muda wa kumenya kiazi kimoja.

Mimi nimesoma michezo mingi chuoni, tena ya watu wenye majina. Ukimya wa kiazi kimoja sijauona popote.

Basi, tufanye nini na mchezo kama huo? Hapo ndipo nikaanza kuwaeleza wenzangu habari ya Kampala.

Agosti 2012, jijini Kampala, ulionyeshwa mchezo unaoitwa The River and the Mountain. Mwandishi ni Mwingereza, Beau Hopkins. Mtayarishaji pia Mwingereza, David Cecil, aliyekuwa akiishi Uganda na familia yake. Wachezaji walikuwa Waganda. Mhusika mkuu, Samson, ni mfanyabiashara kijana, na aliigizwa na Okuyo Joel Atiku Prynce. Samson anajulikana kuwa ni shoga, mama yake anahangaika kumtafutia "tiba", na mwishoni anauawa na watu wa kazini kwake mwenyewe. Sehemu kubwa ya mchezo ni vichekesho. Watu wanacheka, wanacheka, halafu mtu anakufa.

Ulikuwa uonyeshwe kwenye Jumba la Taifa la Maigizo. Baraza la Habari la Uganda likaandika barua kwamba usionyeshwe mpaka upitiwe na kupata kibali. Basi ukaonyeshwa kwenye kumbi ndogo, mojawapo ni Tilapia, mahali pa sanaa palipokuwa pa Cecil. Ukumbi mdogo kabisa, wa aina ya hawa wenzangu. Septemba akakamatwa. Shtaka lilikuwa kukaidi amri halali, kosa linaloweza kumpeleka mtu jela miaka miwili. Alikaa rumande siku kadhaa, akapata dhamana. Januari 2013 mahakama ikalifuta shtaka kwa sababu upande wa mashtaka haukuleta ushahidi. Mwezi uliofuata, Februari, akakamatwa tena na kufukuzwa nchini.

Soma tena hayo mashtaka. Hakushtakiwa kwa yaliyomo kwenye mchezo. Alishtakiwa kwa barua. Hilo ndilo nililotaka wenzangu walione. Mchezo wenyewe hakuna aliyeuhukumu mahali popote, hakuna hakimu aliyekaa akasikiliza maneno ya Samson. Karatasi ndiyo iliyofanya kazi yote, na hata karatasi iliposhindwa mahakamani, kulikuwa na ndege ya kumwondoa mtu.

Na wale waliobaki? Mzungu ana kwao pa kurudishwa. Mwigizaji Mganda, baada ya kucheza Samson, kesho yake anapanda matatu ileile na watu walewale. Magazeti ya nje yaliandika sana habari za Cecil, na ni haki yake. Lakini mimi kila nikisoma kesi ile macho yananikimbilia kwa wachezaji.

Haikuwa mara ya kwanza kule. Februari 2005 Baraza hilohilo la Habari lilizuia The Vagina Monologues ya Eve Ensler isionyeshwe Kampala, na wanawake walioiandaa wakaahirisha moja kwa moja. Nairobi nako ilikuwa zamu ya filamu. Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilipigwa marufuku Aprili 2018, siku chache kabla haijaonyeshwa Cannes. Septemba mwaka huohuo mahakama ikairuhusu kwa siku saba, watu wakajipanga foleni, ukumbi ukajaa. Siku saba tu! Kisa chake kilitokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi ikiwa kwenye kitabu inapewa tuzo. Ikiwekewa watu wenye miili na sauti, wanakuja polisi. Jukwaa lina nini ambacho karatasi haina?

Nadhani nalijua jibu la hilo angalau. Jukwaani mtu halisi anasimama mita tatu kutoka kwako na huwezi kufunga ukurasa. Ila kuna kitu kingine, na hiki kinanikera zaidi.

Mhusika wa namna hii sisi tumemwona maisha yetu yote. Maigizo ya televisheni, vichekesho vya jukwaani, sherehe za mtaani: mwanaume amevaa dera, ameweka nywele za bandia, anabana sauti, anatikisa kiuno. Ukumbi mzima unavunjika mbavu. Watoto wapo, bibi yupo, mchungaji yupo. Hakuna aliyewahi kuandika barua. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mhusika huyo hajawahi kuruhusiwa jukwaani. Anaruhusiwa kila siku, kwa sharti kwamba tumcheke. Siku akiingia bila dera, amevaa gambuti za shambani, anamimina chai, hachekeshi, ndipo ukumbi unapopoa. Kijana wa Mgeta kwenye mchezo wa tatu hachekeshi. Hiyo ndiyo hatia yake.

Kwa wale wanaopenda kusema mambo haya yameletwa na wazungu: sawa, tuzungumze ya wazungu. Uingereza hiyohiyo, tangu mwaka 1737 mpaka 1968, kila mchezo wa kuonyeshwa hadharani ulipaswa kupita kwanza kwa ofisa wa kasri la mfalme, Lord Chamberlain, ausome na kukata asichokipenda. Mapenzi ya jinsia moja yalikuwa miongoni mwa vitu vya kukatwa. Mwaka 1965 Royal Court ya London walipotaka kuonyesha A Patriot for Me ya John Osborne, ilibidi wajigeuze klabu ya wanachama ili sheria isiwaguse. Ni mpaka 1975 ndipo likapatikana kundi la Gay Sweatshop, lililoanza na michezo mifupi ya saa za chakula cha mchana kwenye kiukumbi kidogo. New York walianzia mgahawani: Joe Cino alifungua Caffe Cino mwaka 1958, chumba chenye meza na kahawa, na humo mwaka 1964 Lanford Wilson akaonyesha The Madness of Lady Bright. Hakuna aliyeanza na jumba la taifa. Walianza na vijumba ambavyo ukikohoa unasikika hadi jikoni.

Na sisi tuliwaiga hao kwa vibali. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, inataka kibali kabla ya kuonyesha. Ni sheria ya enzi za Mwalimu Nyerere, lakini harufu yake ni ya zamani zaidi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake inafika kifungo cha maisha, nacho ni mtoto wa sheria za Waingereza, na tuliongeza ukali wake wenyewe mwaka 1998. Kifungu hicho kinahusu kitendo. Hakihusu birika na vikombe viwili. Lakini nani atasimama dirishani pa ofisi ya vibali kuanza kutofautisha?

Sasa niseme la kwangu, la kazini.

Mchezo wa tatu haujaonyeshwa, haujapelekwa popote, lakini mji huu ni mdogo. Habari zilinifikia kabla sijaalikwa, na nilipoalikwa zikawa zimeshafika chumba cha habari. Mkubwa mmoja wa kazini akanipigia. Alikuwa mchangamfu kabisa. Akataka stori: kikundi cha vijana Morogoro kinaandaa mchezo wa mashoga. Akataka majina, picha ya mazoezi, na kauli ya kiongozi wa dini. "Hiyo ni ukurasa wa mbele, bwana mdogo." Nikamwambia sina stori hiyo. Akasema, unayo. Nikamwambia ninayo ya kiingilio cha shilingi 3,000 na viti vya kukodi, namna sanaa ya mkoani inavyokufa kwa kukosa ukumbi. Akacheka, akakata simu. Niliiandika hiyo, ikatoka ukurasa wa 19 chini ya tangazo la matanki ya maji.

Wapo watakaosema ni kazi ya mwandishi kuandika. Naijua kazi yangu. Lakini naijua pia Rolling Stone, na sisemi lile jarida la muziki la Marekani. Nasema kigazeti cha Kampala cha jina hilohilo, ambacho Oktoba 2010 kilichapa picha, majina na mahali wanapoishi watu kilichowaita mashoga, na kikaandika kwamba wanyongwe. Unajua nani walikuwa nyuma yake? Vijana waliotoka Makerere. Mhariri wake alikuwa na miaka 22. Msomi mwenzetu, rika letu, bila shaka na yeye aliambiwa kuna stori ya ukurasa wa mbele. Watu watatu walikwenda mahakamani, mmoja wao David Kato. Januari 3, 2011 Mahakama Kuu ikawapa ushindi, shilingi milioni moja na nusu za Uganda kila mmoja. Januari 26 Kato akauawa nyumbani kwake kwa nyundo. Mtu alipatikana na hatia, na polisi walisema ni wizi na ugomvi binafsi. Inawezekana. Lakini jina lake na picha yake vilikuwa vimekwisha kupita mikononi mwa mji mzima.

Na sisi orodha hatukuziepuka. Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi walete majina. Siku chache baadaye serikali ikasema hayo ni maoni yake binafsi. Nakumbuka namna watu walivyokuwa wakifuta picha kwenye simu zao wiki ile, hata ambao hawakuwa na lolote la kuficha. Majina yakishatoka, hayarudi na taarifa ya serikali.

Basi kwenye ule usomaji nilikwenda bila kalamu. Ulikuwa Jumapili jioni, kwenye nyumba moja ya kule Bigwa, ukitoka mlangoni mlima uko juu ya kichwa chako. Tulikuwa kumi na wawili. Chai ya tangawizi, mihogo, mapazia yamefungwa. Mwenye nyumba alisema ni kwa ajili ya mbu na sote tukakubaliana ni mbu. Hakukuwa na mavazi wala taa. Watu walikaa mduara na karatasi mkononi.

Kabla ya kuanza dada mmoja akaomba kusema. Baba yake ni mchungaji, bado anaishi nyumbani. Akasema anaupenda mchezo, dada mkubwa ni nafasi ambayo hajawahi kupewa nzuri kama hiyo, lakini jukwaani hatapanda. Hakuna aliyemlaumu. Mmoja wa wale walimu wa shule akasema na yeye ana mwajiri. Fundi simu akasema yeye ana mwenye nyumba. Ikawa kama mnada wa sababu, kila mmoja anataja anayemwogopa. Rafiki yangu mwandishi alikuwa amekaa kimya, anakunja na kukunjua pembe ya karatasi.

Mwalimu ndiye aliyekuwa amepangiwa kuwa mjomba. Mluguru wa Matombo, mtu wa kanisani, miaka 67. Mimi, nakiri ubaya wa mawazo yangu, nilitegemea yeye ndiye atakayeanza kuondoka. Alivua miwani, akaifuta. "Mimi nitasoma," akasema. "Huyu mjomba namfahamu."

Hakueleza zaidi na kwa heshima hatukumuuliza.

Usomaji wenyewe sitausimulia wote. Niseme tu kwamba tulipofika kwenye ule ukimya wa kiazi kimoja, Mwalimu alinyamaza kiazi kama viwili. Tulisikia mbwa wa jirani, tukasikia pikipiki ikipanda kilima, mtu mmoja akajikohoza. Halafu akasema mstari wa mjomba, ambao ni mfupi na hauna ukali wowote, kwamba anachoogopa yeye ni watu watakaokuja kumzika. Ndiyo hivyo tu. Mjomba hana hoja ya ardhi wala ya ukoo. Ana hofu ya idadi ya watu makaburini.

Baadaye, mihogo ikiwa inaisha, mabishano yakahamia kwenye lugha, na hapo nilifurahi sana. Mwanafunzi mmoja alisema mchezo ungekuwa wazi zaidi kwa Kiingereza. Mwandishi akasema ndiyo maana hakuuandika kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza ukisema mtu anampenda mtu, sentensi ya pili tu lazima useme ni wa kike au wa kiume. Kiswahili kina "yeye". Kina "mpenzi", kina "mwenzangu". Unaweza kukaa na mtu kurasa nzima ukijua moyo wake kabla hujaulizwa habari ya suruali au sketi. Na hata neno "shoga" lenyewe, nenda pwani usikilize wanawake: "shoga yangu" ni rafiki wa ndani, wa kuchekana na kulia naye. Nikamkumbuka Nick Hadikwa Mwaluko, mwandishi wa michezo mzaliwa wa Tanzania aliyekulia zaidi Kenya na baadaye akahamia Marekani. Mchezo wake uitwao Waafrika umewekwa kijijini Kenya mwaka 1992 na unahusu mapenzi ya namna hii hii. Umeandikwa kwa Kiingereza na umechezwa kule Marekani. Kichwa cha Kiswahili, watazamaji wa huko. Nilijiuliza ungesikikaje Kihonda, kwa "yeye" zote hizo.

Wapo walioniuliza kwa nini kuhangaika na hili wakati hali inazidi kubana. Wana haki ya kuuliza. Uganda sheria ya kwanza ilisainiwa Februari 2014, Mahakama ya Katiba ikaifuta Agosti kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia, tukadhani yameisha. Mei 2023 ikaja nyingine kali zaidi, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa na kifungo kwa anayehesabiwa kuwa "anahamasisha". Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ikaacha sehemu kubwa ibaki. Kwa lugha hiyo ya kuhamasisha, kesi ya Cecil leo isingekuwa ya barua tena. Ingekuwa ya mchezo wenyewe. Na mambo ya Kampala yana kawaida ya kusafiri kwa basi.

Kikundi kilikaa tena Jumatano, safari hii bila mimi. Wameamua hivi: mchezo wa bodaboda Julai, wa dada wa mboga Agosti, maombi ya kibali yapelekwe mapema. Wa tatu hautapelekwa kibali na hautauzwa tiketi. Utasomwa tena, nyumba tofauti, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, na wasomaji wabadilishane nafasi ili asionekane mtu mmoja ndiye huyu au yule. Binti wa mchungaji amekubali kusoma. Mwandishi anataka kuongeza onyesho moja, la mazishi, aone ni wangapi watakuja. Kuna waliopinga, wanasema mchezo uishie kwenye kikao. Bado wanabishana.

Nakala zilikuwa sita, zinahesabiwa zikitoka na zikirudi. Jumapili ile zilirudi tano. Ya sita anayo Mwalimu, anasema hajamaliza kukariri.